Disketi Moja Iliyobaki

Jumatano ile Wema alirudi kutoka shuleni saa sita na nusu, akavua sare, akaikunja, akaenda kufagia sekretaria kama alivyofanya kila siku. Sekretaria ilikuwa chumba kidogo cha kuchapia barua karibu na soko la Rumonge, katikati ya duka la vitenge na kibanda cha mawese. Ndani kulikuwa na meza mbili, benchi la wateja, printa, na kompyuta moja ambayo baba yake, Mbaraka, aliifunika kwa kanga kila jioni kana kwamba nayo huhisi baridi. Wema alifagia, akanyunyiza maji mlangoni kuzuia vumbi, kisha akaifunua. Baba hakuwepo. Alikwenda Bujumbura jana yake kununua wino na disketi mpya, na alisema angerudi Jumatano kwa basi dogo la mchana.

Saa nane basi halikufika. Saa tisa halikufika. Saa kumi watu walianza kusimama barabarani vikundi vikundi, wakizungumza kwa sauti ya chini. Wema alikuwa na miaka kumi na miwili, na vita vilikuwa na miaka kumi. Mtoto wa Rumonge alijifunza kusoma nyuso kabla ya kusoma vitabu. Alizitazama nyuso zile, akarudi ndani, akaifunika tena kompyuta.

Dereva wa basi, Mzee Hubert, alifika kesho yake asubuhi akitembea kwa miguu, kiatu kimoja tu kikiwa mguuni. Alikuwa amebeba begi la Mbaraka. Alimweleza mama yake Wema, ambaye jina lake lilikuwa Kaoutar, kwamba watu wenye silaha walilisimamisha basi pale barabara inapobanwa kati ya mlima na ziwa. Abiria walikimbia, kila mtu na njia yake.

"Mbaraka nilimwona anapanda mlima na mtoto wa watu mgongoni," alisema Hubert. "Baada ya hapo sikumwona tena. Nimeulizia vijiji vyote mpaka Magara. Hakuna aliyeona maiti, Mama Wema. Hakuna aliyeona mtu."

Wakati wakubwa wakizungumza mlangoni, Wema aliambiwa atoe vitu begini na kuvipanga juu ya mkeka. Alitoa kanzu, mswaki, chupa za wino, na boksi la disketi ambalo lilikuwa bado limefungwa. Chini kabisa alikuta disketi moja iliyokuwa peke yake. Juu yake palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa baba: Jaribio. Wema hakujua mkono wake ulipata wapi ujasiri ule. Aliiingiza disketi ndani ya gauni, ikakaa baridi kwenye ubavu wake.

"Kuna kingine?" mama aliuliza.

"Hakuna, mama."

Kaoutar alivikusanya vitu vyote na kuvifungia sandukuni, hata wino, ingawa printa ilikuwa inauhitaji. "Kitu cha mtu aliye safarini hakiguswi," alisema. "Akirudi atakikuta kilipo." Majirani walikuja na mikeka yao wakitaka kukaa tanga, akawashukuru na kuwarudisha. Shehe alipouliza kuhusu hitima, alijibu kwa adabu kwamba mtu hasomewi hitima kwa sababu amechelewa.

Baada ya wiki moja Kaoutar aliifungua tena sekretaria. Hakuwa na njia nyingine, kwa kuwa ndani ya ile kompyuta mlikuwa na kazi ambayo Rumonge nzima iliitegemea.

Kazi hiyo iliitwa Orodha ya Wanaotafutana. Katika vita vile watu wengi walipotezana wakikimbia. Mzazi alijikuta Kizuka, upande huu, na mtoto akajikuta ng'ambo ya ziwa, katika kambi za Tanzania, na hakuna aliyejua mwenzake yuko hai. Mbaraka alimketisha mtu kwenye benchi na kumuuliza taratibu: unamtafuta nani, ana miaka mingapi, alivaa nini siku ile, mara ya mwisho alionekana wapi. Mwishoni aliuliza jambo ambalo mtu wa nyumbani pekee angelijua, kama vile kovu, au jina la utani, au wimbo wa kumlaza. Yote hayo aliyaandika moja kwa moja ndani ya mashine. Hakuandika kwenye karatasi, maana karatasi yenye majina ya watu, ikikutwa mfukoni penye kizuizi cha barabarani, ingeweza kumuua aliyeibeba na wote walioandikwa humo. Disketi haisomeki kwa macho. Kila baada ya wiki mbili boti la mizigo lilipakia sabuni na mawese kwenda Kigoma, na disketi ya Mbaraka ilisafiri humo. Huko watu waliosaidia wakimbizi waliyasoma majina kwa kipaza sauti siku za kugawa chakula. Majibu yalirudi kwa disketi ileile.

"Tuliweke na jina la bosi?" aliuliza Généreuse siku ile ya kwanza. Généreuse alikuwa msichana mkubwa aliyeajiriwa kuchapa, mwimbaji wa kwaya, na mwenye mdomo usiochoka.

Kaoutar hakuinua kichwa. "Mbaraka hajapotea," alisema. "Amechelewa."

Kila adhuhuri mama alikwenda nyumbani kuswali, na Généreuse alikwenda kula. Wema alibaki kulinda mlango. Hapo ndipo alipoitoa disketi yake. Siku ya kwanza aliisukuma taratibu ndani ya kompyuta. Mashine ilikoroma kidogo, barua ikafunguka. Ilikuwa na mistari michache tu, kwa sababu Mbaraka alikuwa na desturi ya kuijaribu kila disketi mpya kwa kuandika chochote kinachomjia kichwani.

"Jaribio. Disketi hii inaandika vizuri. Niko Bujumbura katika duka la intaneti, mvua inanyesha, watu wamejazana mlangoni kama ndagala kwenye wavu. Nimekula vizuri. Wema aliniagiza kalamu ya kijani. Nimeipata, nimeitia mfuko wa shati ili nisiisahau. Kesho niko nyumbani."

Wema aliisoma mara nne. Alitoka ndani akatazama barabara, kisha akarudi akaisoma mara ya tano. Kuanzia hapo aliisoma kila siku, na kila siku neno "kesho" lilikuwa bado jipya.

Haikupita wiki mbili kompyuta ikaanza vituko. Kwanza ilikuwa nzito, kama mtu anayetembea kwenye matope. Kisha barua zikaanza kujifunga zenyewe. Ukifungua cheti, kinatoweka. Ukifungua Orodha, inafika kwenye jina la hamsini, mashine inazimika na kuwaka upya.

"Ina virusi," alisema Généreuse, ambaye alilisikia neno hilo kwa binamu yake. Kwa kuwa ulikuwa msimu wa kipindupindu, na mjini kote watu walikuwa wakiambiwa waoshe mikono kwa maji yenye javeli, dawa ile kali ya kuua vijidudu, alilowesha kitambaa katika ndoo ya javeli akaifuta kompyuta mbele na nyuma. Chumba kizima kilinuka kama zahanati.

Hivyo ndivyo Éphraïm alivyowakuta. Éphraïm Lukeba alikuwa fundi kutoka Uvira, Kongo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alitengeneza redio, simu na chochote chenye umeme.

"Dada, hii uliiogesha?" aliuliza huku akinusa.

"Virusi ni virusi, fundi."

"Ya hii haipiti mu mikono. Inapita mu disketi." Aliketi, akaitazama mashine ikizimika na kuwaka. "Iko mugonjwa sana. Mafundi wengi watakwambia wafute kila kitu, waanze upya. Ngoja kwanza. Mimi niko na kitu."

Kutoka mfuko wa shati alitoa disketi moja ya bluu. Wema alisogea karibu. Fundi alimwonyesha kidirisha kidogo kwenye pembe ya disketi. "Unaona? Kikiwa wazi, mashine inaweza kusoma tu, haiwezi kuandika. Kwa hiyo dawa haiwezi kuambukizwa na mgonjwa."

"Hiyo ni dawa?"

"Ni programu ndogo. Haikai ndani ya mashine. Inasimama peke yake: unaifungua, inafanya kazi yake, unaifunga, unaiweka mfukoni. Niliikuta kwenye intaneti Bujumbura. Iko bure."

"Bure kwa nani?" aliuliza Kaoutar, ambaye katika miaka kumi ya vita alikuwa hajaona cha bure.

"Kwa wote, Mama Wema. Kuna mtu aliketi akaandika virusi ili kuharibu kazi za watu asiowajua. Mtu mwingine akaketi akaandika dawa ya kuwaponya watu asiowajua. Akaiweka wazi, mwenye shida achukue."

Wema aliitazama ile disketi ya bluu. Haikuwa kubwa kuliko kiganja chake. Mahali fulani palikuwa na mtu ambaye hakuwahi kulisikia jina la Rumonge, hajui mawese yananukaje asubuhi, wala hajui kuna mzee anayekuja kila siku ya soko kuuliza habari za mjukuu wake. Mtu huyo alifanya kazi, akaiacha mlangoni kwa dunia nzima, akaenda zake. Wema alijisikia mdogo, lakini udogo ule haukumuumiza. Ulikuwa kama udogo wa kusimama ufukweni asubuhi isiyo na mawingu na kuona milima ya Kongo upande wa pili.

Éphraïm aliifungua programu na kubonyeza mara moja. Kwenye kioo majina ya mafaili yalianza kupita, moja baada ya jingine. Yalipita kwa haraka, lakini Wema alikuwa msomaji hodari. Mwaliko wa harusi. Cheti cha ubatizo. Barua kwa komuni, ofisi ya wilaya, kuhusu shamba la michikichi. Tangazo la kifo. Tangazo la kifo. Maombi ya kazi. Hitima ya Bibi Mwavita. Mtihani wa darasa la sita. Mji mzima ulipita mbele yake kwenye mstari mmoja mwembamba: waliozaliwa, waliooana, waliozikwa. Ile programu ndogo ilimsimamisha kila mmoja na kumkagua, haikumruka yeyote. Kila ilipomkuta mgonjwa, mstari mwekundu ulitokea na neno "imetibiwa". Hata Généreuse alinyamaza, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kusimulia.

Kazi ilichukua saa tatu. Umeme ulisita mara moja, taa ikafifia, wote wakabana pumzi, ukarudi. Mwishoni namba ziliandikwa: mafaili elfu tisa na zaidi yamekaguliwa, mia mbili na sita yametibiwa, kumi na moja hayakuweza kuokolewa. Éphraïm aliifungua Orodha. Ilifunguka mpaka jina la mwisho, la mia nne thelathini na saba.

"Murakoze, fundi," alishukuru Kaoutar taratibu, akiwa na mkono kifuani.

"Bado. Sasa nileteeni disketi zote. Zote kabisa. Moja ikibaki, tutakuwa tumetwanga maji kwenye kinu." Alicheka kidogo. "Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Na mashine pia ni hivyo."

Généreuse alileta disketi zake za nyimbo za kwaya. Kaoutar alileta za wateja na za Kigoma. Fundi alizipima zote.

"Hizi ndizo zote?"

"Zote," alisema mama.

Wema alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Disketi ya baba ilikuwa nyumbani, ndani ya daftari la hesabu, chini ya godoro. Alifikiri juu ya yale mafaili kumi na moja ambayo hayakuokolewa. Je, kama barua ya baba ingekuwa ya kumi na mbili? Alikaa kimya.

Jumatatu ilipita, Jumanne ikapita, mashine ikifanya kazi kama mpya. Wema aliapa moyoni kwamba hataiingiza tena disketi ile. Lakini ikaja Jumatano, na Jumatano kwake haikuwa siku kama nyingine. Adhuhuri alijiambia kwamba mashine imeshapona, na mashine iliyopona haiwezi kudhurika na barua fupi vile. Alisoma mara moja tu. Kesho niko nyumbani. Kisha akaitoa disketi na kuipangusa kwa upindo wa gauni.

Alhamisi jioni mashine ilizimika yenyewe. Ijumaa asubuhi Orodha haikufunguka kabisa.

Siku hiyo ndiyo aliyofika Mzee Mulamba. Alikuwa mvuvi wa Magara, na kila Ijumaa, siku ya soko, alikuja na samaki wake mpaka Rumonge, akawauza, kisha akaja kuketi kwenye benchi la sekretaria akiwa na kofia magotini. Alikuwa akimtafuta mjukuu wake Anastasie, aliyepotezana naye karibu na Kabezi akiwa na miaka tisa, amevaa sweta ya shule ya kijani. Jambo ambalo mtu wa nyumbani pekee alilijua ni kwamba Anastasie hakuweza kulala bila kushika sikio la mtu.

"Amahoro, Mama Wema," alisalimu. "Kesho boti linaondoka, sivyo? Jina la mtoto wangu limo?"

"Limo, mzee. Kaa kidogo, tuna shida na mashine."

"Nitakaa. Mimi kazi yangu ni kungoja wavu."

Éphraïm alipofika alitazama kwa muda mrefu, akavua miwani. "Virusi ni vilevile," alisema. "Havikutoka hewani. Kuna disketi ambayo sikuiona."

Kaoutar alimgeukia Généreuse. "Nilikwambia nyimbo za kwaya zibaki kanisani."

"Mama Wema, nilizileta zote, fundi akazipima." Sauti ya Généreuse, iliyozoea kucheka, ilishuka. "Lakini sawa. Katika chumba hiki mgeni ni mimi." Alianza kukusanya vitu vyake polepole: kitana, mfuko, kitabu cha nyimbo.

"Sikilizeni," alisema Éphraïm. "Naweza kusafisha tena leo. Lakini kama disketi ile iko bado, kesho kutwa mtaniita, na kila mara mafaili mengine yanakufa. Mara ya kwanza kumi na moja. Safari hii Orodha yenyewe inaweza kuwa kati yake. Kuna njia nyingine, kufuta mashine yote na kuanza sifuri."

"Na majina?" aliuliza Mzee Mulamba kutoka kwenye benchi.

Fundi aliivaa tena miwani yake. "Yatakwenda nayo, mzee."

Mzee Mulamba aliigeuza kofia yake mikononi, upande huu, upande ule. "Basi sikio lake," alisema, kama anayezungumza na kofia, "mtu wa huko atajuaje habari za sikio?"

Wema alimwona Généreuse akifunga mfuko. Aliyaona majina mia nne thelathini na saba yakisubiri nyuma ya kioo cheusi, kila moja na nguo yake, na kovu lake, na wimbo wake. Na aliiona barua ya baba, mistari michache, ambayo ikifa hakuna mwingine wa kuiandika. Alisimama katikati ya vitu hivyo viwili kwa muda aliouona kuwa mrefu sana. Kisha akatoka mbio.

Aliporudi alikuwa ameikumbatia disketi kwa mikono miwili. Aliiweka mezani mbele ya mama.

"Si dada Généreuse," alisema. "Ni mimi. Ilikuwa ndani ya begi la baba. Uliniuliza kama kuna kingine, nikasema hakuna. Ina maneno yake. Nimekuwa nikiyasoma kila siku ukienda kuswali."

Kaoutar aliutazama ule mwandiko: Jaribio. Akaketi kwenye benchi kando ya Mzee Mulamba.

"Fundi," Wema alisema, "ukiitibu, maneno yatakufa?"

Éphraïm alichuchumaa ili macho yao yawe sawa. "Sijui, mtoto wangu. Sitaki kukudanganya. Hii dawa inajua kutofautisha virusi na maandishi, mara nyingi. Si mara zote. Nifanye?"

Wema alimtazama mama. Mama alimtazama Wema. Kisha Wema akaitikia kwa kichwa, yeye mwenyewe, bila kusubiri.

Fundi aliingiza disketi ya bluu kwanza na kuifungua programu. Kisha akaitoa na kuiingiza ya baba. Kwenye kioo lilitokea jina moja tu, kwa sababu ndani ya disketi ile mlikuwa na faili moja. Lilisimama pale. Mashine ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Wema alihesabu pumzi zake. Mstari mwekundu ulitokea, na pembeni yake neno likaandikwa: imetibiwa.

Éphraïm aliitoa, akakisogeza kidirisha cha pembeni ili disketi isiweze tena kuandikwa chochote, akairudisha na kuifungua barua, akainuka kumpisha mama kiti.

Kaoutar alisoma. Midomo yake ilicheza bila sauti. Alipofika kwenye kalamu ya kijani alisimama, akarudi mwanzo wa mstari, akausoma tena. Nje mtu alikuwa akipiga kelele za kuuza ndagala. Maneno yote yalikuwepo, hata mvua, hata watu waliojazana mlangoni. Kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu asiyejulikana kilikuwa kimepita kati ya herufi za Mbaraka, kikaondoa uchafu, na hakikugusa hata nukta. Wema aliona jambo lile likimpita kimo, akainamisha kichwa kama afanyavyo mtu aingiapo msikitini.

Éphraïm aliisafisha mashine yote tena. Saa tatu zilipita. Mzee Mulamba hakuondoka. Orodha ilipofunguka, Wema alimtafutia jina la Anastasie na kumsomea kwa sauti, sweta ya kijani na sikio. Mzee alivaa kofia yake. "Murakoze, mwanangu," alisema, akaenda zake.

Kaoutar alimwendea Généreuse, akamshika mkono mbele ya wote. "Nimekukosea, mdogo wangu. Nisamehe."

"Nimesamehe, Mama Wema. Lakini ile javeli mliyocheka, mtaniomba siku moja," alisema Généreuse, akakitoa kitana mfukoni na kukirudisha mahali pake.

Ndipo Kaoutar alipomgeukia binti yake. Wema alisubiri kiboko au ukali. Mama alimvuta karibu.

"Wema, ulidanganya, na umeona uongo ule ulivyotembea. Ulianzia kwenye mkeka wetu, ukafika kwa mjukuu wa Mzee Mulamba, ukataka kumfukuzisha dada yako kazi. Hukuficha kwa hila, najua. Ulificha kwa mapenzi. Lakini mashine haijui tofauti, na jirani anayeumia hajui pia. Leo umeitoa mwenyewe, wakati ulijua unaweza kuipoteza. Hicho ndicho ninachotaka ukikumbuke: jambo lililofichwa haliponi, hata dawa ikiwa bora namna gani, mpaka mwenye nalo aliweke mezani." Alikivuta kiti mbele ya kompyuta. "Na mimi pia nimeficha. Nimelifungia sandukuni jambo ambalo kila mtu mjini analijua. Kaa kwenye kiti."

Wema aliketi.

"Fungua Orodha. Nenda chini kabisa. Andika ninavyokutajia."

Wema aliandika jina la mia nne thelathini na nane. Mbaraka, mtoto wa Hadji Selemani, wa Rumonge. Miaka arobaini na mmoja. Shati jeupe. Mara ya mwisho alionekana akipanda mlima na mtoto wa watu mgongoni.

"Jambo ambalo mtu wa nyumbani pekee analijua?" aliuliza Wema, kama baba alivyokuwa akiuliza.

Mama alifikiri. "Andika kalamu ya kijani, mfukoni," alisema.

Sasa mashine ina disketi ya bluu yake yenyewe, ambayo Éphraïm aliwanakilia, na kidirisha chake kiko wazi daima. Kila baada ya wiki mbili, kabla ya boti kuondoka, Wema huifungua ile programu na kukaa mbele ya kioo saa tatu nzima, akiyatazama majina yakipita. Hakuna disketi inayoingia bila kupimwa, iwe ya mteja, ya kwaya, au ya mkuu wa komuni. Orodha ina majina mia tano na sita. Jina la Anastasie lilijibiwa mwezi wa Ramadhani. Jina la mia nne thelathini na nane bado halijajibiwa.